Daktari Aliuliza Nani Atanivalisha

Siku aliyoondoka mume wangu, hakuna aliyenifunga vifungo vya mgongoni.

Kila asubuhi alinifunga yeye. Bega langu la kushoto lilivunjika zamani nilipoteleza ngazini, likaunga vibaya, na miaka ilivyokwenda mkono ukakataa kupanda juu ya kifua. Kwa hiyo yeye ndiye aliyenivalisha gauni, akanichana nywele, akanifunga kitambaa kichwani. Halafu ananizungusha kama anakagua kazi ya mteja na kusema, "Fundi, umetoka safi."

Tuliitana Fundi, yeye kwangu na mimi kwake. Mteja akiita mlangoni, tunaitika wote wawili.

Asubuhi ile alitangulia kufungua duka kwa sababu kulikuwa na mteja wa mapema.

"Nikimkabidhi nguo yake narudi kukufunga," alisema. "Usitoke mgongo wazi, utaniharibia biashara."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, gauni limeachia nyuma, namsubiri.

Walioingia walikuwa majirani. Walinikuta vilevile. Muuza viatu, aliyepakana nasi dukani, alivua kofia akageuza uso ukutani asinione mgongo. Nami nikajua.

Alianguka mezani pake pa kukatia nguo. Moyo ulisimama, basi.

Mlionisoma humu gazetini wiki zilizopita mnayajua ya msiba. Waliokuja kunipa pole walinikumbatia, nami nikawapokea kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili haunyanyuki. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akasema watu wakisikia, "Mke gani huyu, anakumbatia kama anasukuma mlango?" Watu wakacheka pembeni. Ndivyo alivyo wifi yangu, hata pasipochekeka atachekesha.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipofungiwa chumbani na blauzi yangu mwenyewe.

Siyo mzaha. Nilijaribu kuvaa peke yangu. Mkono mmoja ukapita, wa kushoto ukakwama, kichwa kikabaki ndani. Nikawa nimekaa hivyo gizani mwa kitambaa, nasikia watu wanaosha vyombo uani, naona aibu kuita.

Wifi aliingia bila kubisha hodi.

"Wewe, unafanya nini humo ndani?"

"Natafuta njia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipomaliza chai."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alinitoa taratibu, mkono mzima kwanza, kisha kichwa, mwisho ule mbovu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. Wala hakuniuliza bega lina nini. Nikadhani ni huzuni imemlegeza.

"Kesho tutafute daktari," alisema huku ananipa kisogo. "Huwezi kuishi ndani ya mfuko."

Hatukujaliwa watoto, mimi na marehemu. Sikuwa na mtu mwingine wa kuniambia maneno hayo. Nilishukuru, na shukrani yenyewe iliniuma.

Daktari wa kwanza alikuwa kijana mwenye ofisi safi na sauti nzuri. Alinipeleka kupiga eksirei, akaitundika kwenye taa.

"Unaona hapa, mama? Panatakiwa kuwa na nafasi nyeusi kati ya mifupa hii miwili. Haipo. Mfupa unasaga mfupa. Sindano zitakutuliza kidogo tu. Dawa yake ni kubadilisha kiungo. Tunatoa kichwa cha mfupa kilicholika, tunaweka cha chuma."

"Unaweza kunifanyia wewe?"

"Hata mwezi huu."

Mimi nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, na nimezoea kuulizwa. Nikamuuliza na mimi.

"Umeshabadilisha mabega mangapi, daktari?"

Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Nyonga nyingi," alisema. "Magoti mengi zaidi."

"Na mabega?"

Aliitazama eksirei tena, kama jibu limo mle. "Mawili. Na yote nilikuwa nasaidia tu."

"Usikasirike, mwanangu. Mimi nashona magauni. Mtu akiniletea suti ya kuolea, nampeleka kwa mwenzangu wa suti. Suti naijua. Ila ile ni harusi yake."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka, akakaa, akawa mdogo zaidi ya nilivyomuona mwanzo.

"Ungekuwa mama yangu ningekupeleka kwa mtu mmoja tu," alisema. "Yuko hospitali kuu, anafanya mabega, hafanyi kitu kingine. Wagonjwa wanamwita Polepole. Ukienda usimharakishe, ndiyo dawa yake."

Tulipotoka nje wifi alikuwa ametangulia hatua nyingi.

"Tutafute mwingine," alisema.

"Kwa nini? Huyu kijana ametuelekeza vizuri."

"Mtu anaitwa Polepole. Akianza kukupasua leo atamaliza lini? Utakufa kwa njaa juu ya kitanda chake."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Yeye aliyenichekesha hakucheka. Alikuwa anaufungua mkoba wake na kuufunga, anaufungua na kuufunga.

"Nitakwenda peke yangu basi," nilisema.

"Utavaaje uende peke yako?"

Hapo alinishika. Ikabidi twende wote.

Nguo niliyovaa siku ile ina habari yake, na lazima niieleze.

Dukani kwetu yeye alikata, mimi nilishona. Akishakata anafunga vipande kwa utepe wa kitambaa kilekile na kuviweka kwenye kikapu kando ya cherehani yangu. Hakunieleza, wala sikumuuliza. Ukifungua furushi lake vipande vyenyewe vinakuonyesha kinachokwenda wapi. Miaka yote hakuwahi kuniharibia kitambaa.

Baada ya msiba nilikuta furushi chini ya meza yake, halijafika kikapuni. Blauzi tatu. Nilipima mabega nikajua ni za kipimo changu, nikakaa chini nikalia.

Halafu nikaona kasoro. Upande wa kushoto, bega la mbele lilikuwa refu kuliko la nyuma. Lilizidi sana, linaipanda nyuma kama ulimi. Nikajaribu kuviunganisha, havikukutana. Blauzi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo.

Nikasema moyoni, jamani, alikuwa amechoka kiasi hiki na mimi sikuona.

Sikutaka mtu mwingine ayaone mabega yale. Mafundi wana midomo, wangesema marehemu alikwisha kabla ya kufa. Nilichukua mkasi wake nikakata kilichozidi, nikaunganisha mbele na nyuma, nikapiga mshono mara mbili. Mabega yakakaa sawa. Vile vipande nilivyokata niliviweka jikoni, vikawashia moto.

Blauzi ya kwanza ndiyo niliyokwenda nayo kwa Polepole. Wifi alinivalisha. Ilituchukua muda, nikauma kitambaa nisipige kelele.

Polepole ni mzee mrefu, viatu vyake havitoi sauti. Hakuitazama eksirei kwanza.

"Shika sikio lako la kushoto kwa mkono wa kushoto."

Sikuweza.

"Jaribu kama unafunga mkanda wa sidiria, nyuma."

"Huko sijafika siku nyingi, daktari."

"Aliyekuwa anafika ni nani?"

"Mume wangu. Nimemzika."

Akaushika mkono wangu akauzungusha ndani ya bega, kidogo kidogo, na mimi nikasikia ule mkwaruzo wa ndani, kama kiti kinachoburutwa. Naye aliusikia.

Akanieleza yote. Chuma kitaingia wapi, ganzi itakuwaje, kidonda kitakuwa mbele ya bega. Kwamba vijidudu vikiingia itabidi afungue tena. Kwamba maumivu mengi yatakwisha, na mkono utapanda, ila asinidanganye, hautakuwa mkono wa msichana.

"Nitakaa kwenye mashine lini?"

"Wiki sita mkono utakuwa kwenye mkanda, umefungwa kifuani. Baada ya hapo mazoezi. Ukinisikiliza, utarudi kwenye mashine yako." Akaweka kalamu chini. "Sasa, nyumbani kuna nani?"

"Niko peke yangu."

"Basi tungoje kwanza."

"Tungoje nini?"

"Mtu. Sipasui bega la mtu asiye na wa kumvalisha. Nina mgonjwa alijivalisha mwenyewe, akavuta mkono, bega jipya likachomoka. Nililirudisha mara mbili. Yule mama sasa hali kwa mkono ule wala hashiki kitu."

Nilitazama sakafu. Kumbe bega lenyewe lina daktari na lina chuma. Anayekosekana ni mtu mmoja wa kuniingiza kwenye nguo, na huyo mtu nilikuwa naye, nikamzika.

Wifi alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani.

"Umesema mashine," Polepole alisema. "Unashona?"

"Mimi nashona. Marehemu alikuwa anakata."

Ndipo alipoitazama eksirei, kwa mara ya kwanza. Aliinua, akaileta karibu na macho, akaniangalia mimi, akainuka na kwenda kufunga mlango. Hata mlango aliufunga polepole.

"Bega hili nimeshaliona," alisema. "Mumeo alikuja hapa na picha ya zamani. Alisema mke wangu anaogopa kisu, nataka nielewe mimi kwanza, halafu nimweleze kwa lugha yetu."

Niliuvuta mkono wangu mbovu mapajani.

"Alirudi mara ya pili na blauzi ya karatasi. Akaitandika hapa, juu ya faili zangu. Akaniuliza mkanda unapita wapi, kidonda kitakuwa wapi, asije akaweka kifungo juu yake. Alitaka blauzi ifunguke bega zima, mbele ilalie nyuma, ili mkono wako usiinuliwe hata kidogo. Nikamwambia sijawahi kuona ndugu wa mgonjwa anauliza hilo. Akasema atakata tatu." Alitabasamu kidogo. "Ungeivaa leo, ingekuwa rahisi kwangu kukupima."

Niliangalia bega langu la kushoto. Mshono ulikuwa umenyooka vizuri, umepigwa mara mbili usiachie.

"Nimeivaa," nilisema.

Hakuelewa.

Nimeshona makosa mengi katika kazi yangu, nikafumua, nikarudia. Hili halifumuliki, kwa sababu kitambaa nilikikata. Mtu alikaa na mkasi wake akanitengenezea mlango wa kutokea, mimi nikauziba na kujiona nimemsitiri.

"Mama, nafasi yako ipo," Polepole aliendelea, taratibu, kama hakutaka kunimwagia yote kwa mara moja. "Tarehe aliichagua yeye. Alisema iwe msimu wa sare za shule ukishapita, la sivyo utaamka kitandani uende dukani. Ni Jumanne ijayo. Hakuna aliyetuarifu amefariki. Na kiungo chako kimeshafika."

"Lakini sina mtu."

"Ngoja. Mara ya mwisho alikuja ameshika kifua. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwa mwenzangu wa moyo. Alipotoka huko akaja kuniambia, daktari, ikitokea sipo, atakuja dada yangu. Mfundisheni yeye kumvalisha."

Akageuka akamtazama wifi. "Nadhani ndiye wewe, dada."

Wifi aliinua uso.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Akaitwa muuguzi, akaleta mkanda wa kubebea mkono na shati kubwa la wagonjwa la kuvaa juu ya blauzi.

"Mkono mgonjwa unaingia kwanza," alisema muuguzi. "Ukivua, unatoka mwisho. Yeye asikusaidie hata kidogo. Awe kama gogo."

"Gogo nimeshampata," wifi alisema, na muuguzi akacheka.

Wifi hakufundishwa mara mbili. Mikono yake ilikuwa na nguvu, tena mipole, na ilikuwa na vidole vya marehemu, virefu, vilivyopinda kidogo kwenye kucha. Nilifumba macho alipofunga kifungo cha shingoni. Nakiri mbele ya Mungu, kwa muda ule mfupi nilijiruhusu kudhani ni yeye.

Tulipofika nje kwenye benchi la kungojea wagonjwa, nilimshika mkono.

"Wifi, kumbe ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia mlipatana?"

"Hatukupatana."

"Daktari kasema..."

"Daktari kasema alichoambiwa." Hakuniangalia. "Alikuja kwangu. Nilikuwa nafua. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia habari ya bega lako na habari ya moyo wake, zote pamoja, kama anaagiza chumvi na sabuni. Akasema, dada, nikiwa sipo, mvalishe mke wangu wiki sita tu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nimeosha watoto wangu, nimemwosha mama yetu mpaka akakata roho mikononi mwangu, wewe ukiwa dukani unakata nguo. Siendi kumwosha na mkeo. Nikamwambia mwenye moyo mbovu anahangaika na moyo, hahangaiki na bega la mwanamke. Akasema, moyo wangu wenyewe wanaubahatisha, bega lake wanaliweza."

Mtu alipita akisukuma kiti cha magurudumu kitupu. Tulimngoja apite.

"Nikamwambia ondoka kwangu. Akaondoka. Hata ndoo aliirudisha mahali pake."

"Lini hiyo?"

"Ndiyo mara ya mwisho kumwona anatembea."

Nilijaribu kuuondoa mkono wangu kwenye wake. Aliushika.

"Siku ya msiba nilipokuona unakumbatia watu kwa mkono mmoja, nilijua kwa nini. Wewe ulidhani sijui. Nilijua, wifi. Nilisema maneno yale wacheke, wasije wakauliza mkono una nini, maana wangeuliza nani atakuvalisha."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nimeandika katika gazeti hili mambo mengi ya kuniaibisha, na hili naliandika pia. Lililonichoma halikuwa dhihaka, wala kumfukuza. Ni kwamba aliujua ugonjwa wa mume wangu, na mimi niliyelala ubavuni mwake sikuujua. Kila asubuhi vidole vyake vilipita mgongoni kwangu, kifungo kwa kifungo, na kifua chake kilikuwa nyuma yangu, karibu hivi. Sikugeuka hata siku moja kukisikiliza.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungekuja kwangu siku ileile. Ningefunga duka. Ningemburuta kwa mkono huuhuu mbovu."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemfukuza?"

"Kwamba anaumwa."

Mdomo wake ulichezacheza ukitafuta utani, haukuupata.

"Nitakuja," alisema baadaye. "Wiki sita, wiki kumi. Nitalala chini. Nimesema mbele ya daktari."

"Umemdanganya daktari."

"Naligeuza liwe kweli. Niache niligeuze."

"Sitaki."

"Wifi."

"Sitaki mikono yako mgongoni kwangu."

"Utavalishwa na nani basi? Muuza viatu?"

Siku nyingine ningecheka. Nilisimama nikaondoka, mkanda wa muuguzi bado uko shingoni, mkono wangu mzima ukiwa umeshika ule mbovu. Nilitembea mpaka langoni nikamngoja aniite. Hakuniita. Nilipogeuka alikuwa bado kwenye benchi, ameinama, mkoba umeanguka miguuni na hauokoti.

Usiku ule nililala na blauzi, kwa kuwa hapakuwa na wa kunivua. Na mpaka naandika haya bado nimeivaa.

Ningeweza kumweleza Polepole ukweli. Nikimweleza, atasema tungoje, na hicho chuma kitakwenda kwa bega jingine. Nikinyamaza, nitapasuliwa, kisha nitarudishwa nyumbani niwe gogo mbele ya kabati. Majirani wana kazi na waume zao. Dada zangu wamekwisha.

Marehemu aliniachia daktari, na tarehe, na mtu. Mtu huyo alikuwa amekwisha kumkataa, na marehemu hakuniambia. Labda alimjua dada yake kuliko tunavyomjua. Labda alikosea kipimo, mara moja, mwishoni. Sina pa kumuuliza.

Leo ni Ijumaa. Jumatatu jioni natakiwa kulazwa, na mtu wa kunivalisha lazima aje naye aweke sahihi. Wifi hajapiga simu. Mimi sijampigia.